Biashara ya Kubahatisha Mpira: Nani Hupata, Nani Hupoteza?

Jioni ya Jumamosi, mtu akipita Barabara ya Prince Louis Rwagasore hapa Rohero, atawaona vijana wamesimama vikundi vikundi. Mmoja ana karatasi ndogo mkononi, mwingine anaitazama simu yake bila kupepesa macho. Hawamngoji mtu, wala hawangoji basi. Wanangoja habari za mpira unaochezwa Uingereza, Hispania au Italia, kwa maana wameweka fedha zao juu ya matokeo yake.

Katika muhula uliopita, mwenzetu mmoja wa darasani alipewa na mama yake faranga za karo azilete shuleni. Hazikufika zote. Sehemu aliipeleka kwenye kibanda cha kubahatisha, akitumaini kuzirudisha Jumatatu pamoja na faida, asijue mtu. Jumatatu ilifika, faranga hazikufika. Sitamtaja jina, kwa kuwa ni rafiki yangu, na kwa kuwa amenipa ruhusa ya kueleza mambo yake ili wengine wajifunze. Jambo hilo ndilo lililonifanya niulize: biashara hii huendeshwaje? Fedha hutoka wapi, na huenda wapi? Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na mwanzo wake. Kuna njia mbili kubwa za kubahatisha. Njia ya kwanza ni ya chungu kimoja. Watu wote hutia fedha zao katika chungu, mwenye mchezo hutoa fungu lake kwanza, kisha zilizobaki hugawanywa kwa waliobahatisha sawasawa. Njia hii ilianzishwa Paris katika miaka ya 1860 na mtu aitwaye Joseph Oller, kwa ajili ya mashindano ya farasi. Angalia vizuri: katika njia hii mwenye mchezo hawezi kupata hasara kwa sababu ya matokeo. Farasi yeyote akishinda, yeye amekwisha kata fungu lake.

Miongoni mwa walioifuata njia hiyo katika mpira walikuwa vijana watatu wa Uingereza. Mwaka wa 1923, John Moores, Colin Askham na Bill Hughes, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya simu za maandishi, waliungana kufanya biashara. Kila mmoja alitoa pauni 50. Walichapa karatasi za kubahatishia mpira, na kwa kuwa mwajiri wao hakuruhusu kazi nyingine, waliificha biashara yao chini ya jina la Littlewoods. Littlewood lilikuwa jina la ukoo alilozaliwa nalo Askham. Waligawa karatasi 4,000 mbele ya kiwanja cha Old Trafford huko Manchester. Zikarudi 35 tu. Wakagawa karatasi 10,000 katika mji wa Hull, ikarudi moja. Hasara ilipofika pauni 600, wenzake wawili walikata tamaa. Moores akawalipa kila mmoja pauni 200 zake, akabaki peke yake. Baada ya miaka michache alikuwa tajiri mkubwa, na mwaka wa 1960 akawa mwenyekiti wa klabu ya Everton ya Liverpool. Msomaji ayakumbuke majina haya mawili, Hull na Everton, maana tutakutana nayo tena.

Njia ya pili ndiyo iliyoenea siku hizi. Mwenye duka hutangaza mapema kwamba timu fulani ikishinda, fedha yako itazidishwa kwa kiasi fulani. Tukiite kiasi hicho kizidisho. Uingereza iliruhusu maduka ya namna hii mitaani tangu tarehe 1 Mei 1961. Kabla ya hapo, wenye fedha ndogo walibahatisha kwa siri vichochoroni. Katika njia hii mwenye duka anaweza kupata hasara siku moja au mbili. Mbona basi hafilisiki? Jibu limo ndani ya kizidisho chenyewe, na mwanafunzi yeyote ajuaye kugawanya anaweza kuliona.

Chukua mchezo mmoja, timu A na timu B. Mwenye duka ameandika hivi: A ikishinda, 1.80, sare, 3.40, B ikishinda, 4.50. Sasa tuseme wewe ni mwoga, hutaki kupoteza, unataka upate faranga 10,000 kwa vyovyote. Utafanyaje? Utaweka fedha pande zote tatu. Ili upate 10,000 kwa ushindi wa A, lazima uweke 10,000 kugawanya kwa 1.80, yaani 5,556. Kwa sare, utaweka 2,941. Kwa ushindi wa B, utaweka 2,222. Jumlisha: 5,556 na 2,941 na 2,222 ni 10,719. Kumbe umetoa faranga 10,719 ili urudishiwe 10,000! Zile 719 zimebaki kwa mwenye duka, timu yoyote ishinde. Vizidisho hivyo nimevitunga mimi kwa mfano tu, lakini mtu achukue karatasi yoyote ya kweli afanye hesabu ile ile, atakuta jumla daima inazidi. Kama isingezidi, duka lingefungwa.

Kwa hiyo katika mfano wetu, kila faranga 100 zinazowekwa, 93 hivi hurudi kwa wachezaji, na 7 hivi hubaki. Mtu atasema, "Saba si kitu." Ndivyo inavyoonekana. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki si chako.

Tena, ni wachache wanaobahatisha mchezo mmoja tu. Vijana hupenda kuunganisha michezo mingi katika karatasi moja, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita mkeka. Mkeka una sharti moja: michezo yote itokee kama ulivyosema. Ukikosea mmoja, mkeka wote umechanika. Tuseme umeweka faranga 1,000 juu ya timu tano zenye nguvu, kila moja ina kizidisho cha 1.80. Ukipata zote tano utalipwa faranga 18,895. Ni fedha nzuri! Lakini tazama upande wa pili. Kwa vizidisho vya mfano wetu, kila timu ina nafasi ya kushinda kama 52 katika 100. Timu moja, nafasi ni zaidi kidogo ya nusu. Timu mbili pamoja, hupungua kuwa robo hivi. Zikifika tano, nafasi yako ni moja katika 27. Maana yake, kwa wastani, utachana mikeka 26 ndipo upate mmoja. Mikeka 27 imekugharimu faranga 27,000. Mmoja umekulipa 18,895. Hesabu ni hiyo.

Katika mchezo mmoja duka hubakiza 7 katika 100. Katika mkeka wa michezo mitano hubakiza kama 29, na katika mkeka wa michezo kumi hubakiza nusu nzima. Ndiyo maana wenye maduka hawachoki kuusifu mkeka mrefu, na huongeza hata zawadi kwa mwenye kuunganisha michezo mingi. Si kwamba wao ni wezi. Wanafanya hesabu, na wachezaji hawafanyi.

Wengine husema, "Mimi naujua mpira, sibahatishi ovyo." Ni kweli kwamba ujuzi upo. Lakini ujuzi wako umekwisha ingizwa katika kizidisho na watu wanaofanya kazi hiyo mchana na usiku, wenye mashine za kukokotoa. Na zaidi ya hayo, moyo huingilia ujuzi. Mwaka wa 2019 timu yetu ya taifa, Intamba mu Rugamba, ilifika kwa mara ya kwanza katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, huko Misri. Sote tulifurahi. Burundi ilifungwa na Nigeria 1-0, na Madagaska 1-0, na Guinea 2-0. Aliyeweka fedha kwa mapenzi ya nchi yake katika michezo ile mitatu, mapenzi yalibaki, fedha haikubaki.

Sasa tutazame biashara yenyewe inavyojengwa. Mfano ulio karibu nasi ni wa Kenya. Mwaka wa 2014 kampuni ya Pevans East Africa, ambayo wenye hisa wake walikuwa Wakenya na Wabulgaria, ilianzisha mchezo wa SportPesa. Ushirika wa namna hii huwa na mantiki yake. Mgeni huleta ufundi wa programu na mazoea ya biashara hiyo kutoka kwao. Mwenyeji huleta ujuzi wa nchi, sheria na wateja. Wote hutoa mtaji, hupata leseni, na hugawana faida kwa kadiri ya hisa. Tena walikuta njia imekwisha tengenezwa: tangu mwaka wa 2007 Wakenya walikuwa wakitumiana fedha kwa simu kwa njia ya M-Pesa, kama sisi tunavyofanya kwa Lumicash. Duka la kubahatisha likaingia ndani ya mfuko wa kila mtu mwenye simu.

Walipopata nguvu nyumbani, walivuka mipaka. Mwaka wa 2016 jina la SportPesa liliandikwa vifuani mwa wachezaji wa Hull City. Mwaka wa 2017 likaandikwa vifuani mwa Everton, kwa mapatano ya miaka mitano. Naam, Hull ile ile iliyorudisha karatasi moja, na Everton ile ile ya John Moores! Mwaka huo huo wa 2017 waliingia Tanzania, wakazidhamini klabu za Simba, Yanga na Singida United. Tarehe 13 Julai 2017 Everton walikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia ya Kenya. Wayne Rooney alifunga, Jacques Tuyisenge wa Rwanda akasawazisha, kisha Kieran Dowell akafunga la pili, Everton wakashinda 2-1. Biashara ikaenea pia Afrika Kusini na Italia, na mwaka wa 2019 jina hilo lilibandikwa hata juu ya magari ya mashindano ya Formula 1, ya timu ya Racing Point.

Mtu atauliza, kampuni ya Nairobi inatafuta nini vifuani mwa wachezaji wa Liverpool? Jibu ni kwamba mchezo wa Everton hautazamwi Liverpool peke yake. Hutazamwa Mombasa, Kampala, Goma na hapa Rohero. Tangazo lililobandikwa Uingereza huzungumza na kijana wa Afrika, nalo huzungumza kwa heshima ya timu anayoipenda.

Lakini biashara iliyopanda haraka hutegemea sana kalamu ya serikali. Mwezi wa Julai 2019 leseni za kampuni nyingi za kubahatisha Kenya, SportPesa miongoni mwao, hazikufanywa upya kwa sababu ya ugomvi wa kodi. Mwezi wa Septemba mwaka huo SportPesa ilisimamisha kazi zake Kenya, na kampuni nyingine iitwayo Betin pia ikafunga. Wafanyakazi walipoteza kazi. Neno kubwa lilikuwa kodi ya asilimia 20 juu ya kila fedha inayowekwa. Msomaji arudi kwenye mfano wetu: ikiwa duka hubakiza 7 katika 100, nayo serikali yataka 20 katika 100 kabla mpira haujachezwa, lazima mchezaji aibebe kodi hiyo, na akiibeba ataona uchungu wa mchezo mara moja. Bunge liliifuta kodi hiyo mwaka wa 2020, kisha likairudisha mwaka wa 2021 kwa kiwango cha chini zaidi.

Klabu nazo zilionja. Gor Mahia na AFC Leopards zilizoea fedha za mdhamini, na mdhamini alipoondoka zikabaki katika shida. Mapatano ya Everton yalivunjwa baada ya miaka mitatu tu, mwisho wa msimu wa 2019/20. Jina la SportPesa lilirudi baadaye Kenya chini ya kampuni nyingine, Milestone Games, na wenye hisa wa zamani wakafikishana mahakamani juu ya haki ya kulitumia jina hilo. Hapo tunajifunza jambo la ushirika: washirika wakipatana juu ya faida, na wapatane pia kwa maandishi juu ya siku ya kuachana. Wale vijana watatu wa mwaka wa 1923 waliachana kwa pauni 200 kila mmoja, bila hakimu.

Yapo tena mambo mapya kuliko mpira. Katika simu kuna michezo isiyongoja Jumamosi. Mmoja ujulikanao sana Afrika Mashariki ni ule wa ndege, uitwao Aviator, uliotungwa na kampuni ya Spribe ya nchi ya Georgia. Ndege huruka, kizidisho hupanda, nawe lazima utoe fedha yako kabla ndege haijatoweka. Hapa hakuna timu wala ujuzi. Ni namba zinazotolewa na mashine. Mchezo wenyewe hutangazwa kuwa hurudisha 97 katika kila 100. Utasema, huu ni bora kuliko mkeka! Lakini mkeka huupiga mara moja kwa juma, na ndege huruka tena na tena, kila mara kwa muda usiofika dakika moja kwa kawaida. Anayerudia kuweka fedha yake yote mara 23, hesabu ya wastani humwachia nusu yake tu. Mara 23 hazimalizi hata nusu saa. Hatari ya mchezo haimo katika fungu la duka peke yake. Imo pia katika wingi wa kurudia.

Kwa hiyo serikali nyingi zimeweka mipaka. Kenya na Tanzania zinakataza kubahatisha kwa mtu asiyetimiza miaka 18. Uganda, kwa sheria ya mwaka wa 2016, imeweka miaka 25. Italia ilipiga marufuku matangazo ya kamari kwa sheria ya mwaka wa 2018. Klabu za ligi kuu ya Uingereza zilipatana mwezi wa Aprili 2023 kwamba, msimu wa 2025/26 ukiisha, majina ya kampuni za kubahatisha yasiandikwe tena vifuani mwa wachezaji.

Haki ni kusema pia mema yaliyomo. Biashara hii huajiri watu: mwenye kibanda hupata ujira wake, serikali hupata kodi, na klabu hupata jezi na nauli. Lakini tujiulize fedha hizo zote hutoka wapi. Mshahara wa karani, kodi ya serikali, jezi ya mchezaji, tangazo la Liverpool na faida ya washirika, vyote hulipwa kutoka katika zile faranga 7, au 29, au 50, zilizobaki katika kila 100. Shamba hutoa mahindi yasiyokuwako jana, na kiwanda hutoa sabuni isiyokuwako jana. Kibanda hiki hakitoi kitu kipya. Huzihamisha fedha, nazo huanza safari katika mfuko wa kijana anayetumaini.

Nimalizie habari ya mwenzetu. Mwalimu wetu wa hesabu hakumfokea. Alimwambia tu, "Mwanangu, kaa hapa uniandikie kila karatasi uliyopata kununua." Alipoanza alisema kwa nguvu kwamba yeye amepata zaidi ya alivyopoteza, kwani alikumbuka vizuri siku moja aliyolipwa faranga 14,000. Aliandika kutwa nzima. Ilipofika jioni, daftari lilikuwa na karatasi 41 za faranga elfu elfu, na moja tu iliyolipa. Aliitazama ile jumla kwa muda mrefu. Ile moja aliikumbuka kila siku. Zile 40 alikuwa amezisahau, moja moja, jioni ya siku ile ile zilipochanika.

Alimwendea mama yake, akamwambia kweli yote. Sasa kila Jumamosi humsaidia mjomba wake kubeba mizigo sokoni mpaka deni la karo liishe. Mpira bado anautazama pamoja nasi, na hupiga kelele kutuzidi sote. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, ndugu msomaji, kama nawe una karatasi hizo mfukoni, usinijibu mimi. Chukua daftari, ziandike zote, kisha ujumlishe.